Umemaliza kufuma vipande vya dubu? Njoo tuviunge hapa

MfumajiKibokoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote, wa kisiwani na wa ng'ambo zote: Likoni, Nyali, Changamwe.

Uzi huu ni wa jambo moja tu, kuunga. Kufuma wengi mwajua. Sweta za watoto, soksi, kofia za wachanga, yote mwafuma na yatoka vizuri. Lakini dubu akishafumwa mpaka kipande cha mwisho, hutiwa kwenye mfuko, mfuko ukatiwa kabatini, na mtoto aliyeahidiwa akabaki kuuliza. Kichwa kiko, mwili wa mbele na wa nyuma uko, mikono, miguu, masikio na pua viko. Kilichobaki ni sindano na uzi tu, na hapo ndipo watu huogopa.

Mimi naamini dubu hupata sura yake kwenye kuunga. Chukua vipande vilevile uwape watu wawili, utaletewa dubu wawili wasiofanana hata kwa mbali. Kwa hiyo kazi hii ipe muda wake kamili. Usiifanye usiku wa kuamkia sikukuu.

Kabla hujashika sindano, nyoosha vipande. Kipande kilichofumwa laini upande mmoja hujikunja kingo zake, na ukikishona vivyo hivyo utakuwa washona usichokiona. Tandika blanketi lililokunjwa, laza kipande upande mzuri ukiangalia chini, kibane kwa pini pande zote. Kama uzi ni sufu, funika kwa kitambaa chenye unyevu upitishe mvuke wa pasi bila kugandamiza. Kama ni akriliki, na nyuzi nyingi tunazouziwa ni akriliki, pasi iweke kando kabisa. Joto huulegeza uzi huo na haurudi tena ulivyokuwa. Nyunyizia maji, bana kwa pini, acha ukauke chini ya feni. Wakati wa masika huchelewa kukauka. Wewe ngoja tu.

Sindano iwe ya tundu kubwa na ncha butu. Si shazia, tafadhali. Shazia ni ya magunia na magodoro, ncha yake huuchana uzi katikati na mshono ukawa na vinyweleo. Ncha butu hupita baina ya nyuzi.

Uzi wa kushonea ni ule uliofumia. Aliyeacha uzi mrefu alipoanzisha vitanzi na alipovifunga, ashonee huohuo. Ukikata mpya, sentimita 45 hivi zatosha, kwa sababu ukiwa mrefu sana huchakaa kwa kupita-pita na hujisokota. Na kama dubu wako ni wa uzi wenye manyoya, tafuta uzi laini wa rangi hiyohiyo, maana wenye manyoya utakwama kila ukivuta.

Sasa mshono wenyewe, ule usioonekana. Laza vipande viwili mezani ubavu kwa ubavu, upande mzuri juu. Vuta kidogo ukingo wa kipande kimoja. Baina ya kitanzi cha ukingoni na kitanzi kinachofuata utaona vijiuzi vilivyolala, kimoja kwa kila mstari. Hivyo ndivyo tunavyovitaka. Pitisha sindano chini ya kijiuzi kimoja upande wa kulia, vuka, pitisha chini ya mwenzake wa kushoto, rudi kulia kwa kinachofuata. Usikaze bado. Ukifika mstari wa sita au wa saba, shika uzi uuvute taratibu kuelekea juu. Utaziona kingo mbili zikigeuka kwenda ndani zenyewe, na mistari ya huku ikakutana na ya kule. Vuta mpaka vipande vigusane, basi. Ukizidisha, mshono hujikunyata na mguu wa dubu ukapinda.

Mliokua mkiwaona bibi zetu wakiunga mikeka mtanielewa upesi. Ukili haupandishwi juu ya ukili. Hukutanishwa ukingo kwa ukingo, na rangi za huku zikafuatana na za huku. Hapa ni fikra ileile.

Haya, maswali.

Zuhura_Likoni

Shikamoo bi. Ahsante sana. Mie nimezoea kuvigeuza, upande mbaya nje, halafu nashona kwa kurudi nyuma kama nguo. Kuna ubaya?

MfumajiKibokoni

Marahaba mwanangu. Ubaya hakuna, na kwa nguvu mshono huo washinda. Tatizo lake ni unene. Mwilini haudhuru, kwani mwili wa dubu ni mpana. Lakini mkono ni mwembamba, na ukishona hivyo wabaki na ukuta ndani, kisha yakulazimu uugeuze kupitia kitundu cha kidole kimoja. Ukiujaza, ule ukuta hutokeza nje. Mimi mshono wa kurudi nyuma nautumia kwenye mviringo wa utosi tu, pale vitanzi vilipopunguzwa na vile vijiuzi havifuatani sawasawa.

FundiMajengo

Mimi ni fundi cherehani, nguo ndiyo kazi yangu. Nimejaribu cherehani kwenye vitu vya kufuma vya wateja. Mguu wa cherehani huusukuma ukingo wa juu, na meno yake huvuta ule wa chini, mwisho wa mshono kipande kimoja kimezidi. Kwa dubu mkono ndio wenyewe. Lakini tabia moja ya cherehani ichukueni: piga bandi kwanza. Uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu, halafu ndipo ushone. Ukimaliza wauchomoa.

Swali langu: vipande vikitofautiana mistari mtu afanye nini? Wa mbele una 40, wa nyuma una 42.

MfumajiKibokoni

Fundi, bandi ni shauri zuri, hasa kwa anayeanza. Kuhusu mistari: usikate tamaa na usifumue. Bana ncha za juu kwa pini, bana za chini, bana katikati. Unaposhona, mahali pawili palipoachana, upande uliozidi chukua vijiuzi viwili kwa pamoja, upande wa pili kimoja. Tofauti itamezwa na hakuna atakayeiona. Kosa ni kuimalizia yote mwishoni, maana ndipo hupata kifundo begani.

MamaPacha_Bamburi

Bi Mfumaji, tatizo langu ni shingo. Nimeunga vizuri tu lakini kichwa chaanguka mbele, dubu aonekana ana usingizi. Wanangu wamempenda hivyohivyo ila mimi roho yaniuma.

MfumajiKibokoni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu shingo ndiyo inayowashinda wengi.

Anza na kichwa peke yake. Unga ubavu wake, kisha vile vitanzi vya utosini vilivyobaki, pitisha uzi ndani ya vyote, vuta mpaka tundu lifunge, rudia kupitisha mara ya pili, ndipo ufiche uzi. Kitanzi kimoja ukikiruka hapo kitaanza kufumuka siku mtoto atakapolivuta sikio.

Jaza kichwa. Usichukue bonge moja la pamba ya faiba ukasokomeza. Chambua vipande vidogo, anza na mashavu na pembe za mbali, shindilia kwa upande butu wa kijiti cha mshikaki. Kikiwa tayari kiviringishe viganjani, mabonde yatasikika.

Mwili nao ufunge na kuujaza kuanzia chini, uache shingo wazi. Na hapa ndipo penye jibu lako, mwanangu: shingo haikujazwa ya kutosha. Katikati ya tumbo dubu aweza kuwa laini, akumbatike. Shingoni shindilia mpaka ujaze zaidi ya unavyodhani yafaa, pamba itokeze kidogo juu ya ukingo, iingie ndani ya kichwa. Pamba ile ndiyo itakayokibeba. Uzi hauwezi kubeba kichwa, uzi kazi yake ni kushika tu.

Kisha kalisha kichwa, kibane kwa pini nne: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Mtazame kwa mbele, mtazame ubavuni. Kidevu kikae mbele kidogo ya tumbo. Shona kuzunguka, kitanzi kimoja cha kichwa, kitanzi kimoja cha mwili, ukikaza kila baada ya mishono michache. Ukifika ulipoanzia usikate. Zunguka tena, ukiingia mstari mmoja nje ya ule wa kwanza. Mizunguko miwili yenye upana baina yake hukizuia kichwa kuyumba; mzunguko mmoja huwa bawaba tu.

Kwa huyo wa kwako, kata mshono wa nyuma ya shingo kiasi cha kupitisha pamba, ongeza, funga, zungusha tena. Hana haja ya kufumuliwa.

MamaPacha_Bamburi

Nimefanya leo mchana watoto walipolala. Amesimama! Mungu akuweke bi.

MwalimuMstaafu

Nami nichangie. Mnazungumzia pamba ya faiba kana kwamba hapana kingine. Pwani hii ina misufi. Usufi ndio tuliolalia sote, mito na magodoro, ni mwepesi, hauwashi mwili, na mtu wa Kwale au Kilifi aweza kuupata kwa jirani. Kwa nini tununue plastiki?

MfumajiKibokoni

Mwalimu wangu, heshima yako. Kwa mto nakubali mia kwa mia. Kwa dubu, nasita, na sababu ni maji. Usufi unakataa maji, ndiyo maana zamani ulitiwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Lakini dubu wa mtoto atafuliwa tu, na usufi ukishafuliwa na kukamuliwa hushikana madonge na hauinuki tena. Na nyuzi zake ni fupi na laini mno, hupenya kwenye vitanzi. Faiba hufuliwa, hukauka, hurudi kuvimba. Katika unyevu wa hapa kwetu, kitu kisichokauka upesi ndani huota ukungu, na mtoto hukitia mdomoni.

MwalimuMstaafu

Kwa dubu wa kufuliwa nimekuelewa. Lakini wa pambo la rafuni nitamtia usufi, na nitamshonea mfuko wa ndani wa kaliko ili usipenye.

MfumajiKibokoni

Mfuko wa ndani ni wazo zuri sana, mwalimu. Na wafaa hata kwa faiba, ikiwa mtu amefuma kwa vitanzi vilivyoachana. Wanaoanza kufuma sasa wajue: sindano ya dubu iwe ndogo kuliko ya sweta. Uzi ambao sweta yake ungeifuma kwa milimita 4, dubu mfume kwa 3 au 3.25, ili pamba isichungulie.

BintiKisauni

Samahani niulize la pembeni. Sisi ni mji wa pembe za ndovu pale Moi Avenue. Dubu hata Tsavo hayuko. Kwa nini tusifume ndovu?

MwalimuMstaafu

Binti, swali lako lina historia. Novemba 1902, rais wa Marekani Theodore Roosevelt alikuwa mawindoni Mississippi. Waliokuwa naye wakamfungia dubu mtini ampige risasi, akakataa, akaona si uungwana wa mwindaji. Clifford Berryman akalichora jambo hilo katika gazeti la Washington Post. Morris Michtom, mwenye duka huko Brooklyn, akamweka dubu wa kitambaa kwenye duka lake kwa jina la utani la rais, Teddy. Ndipo likatoka jina tedi. Na Roosevelt huyohuyo, alipomaliza urais, alishuka hapa bandarini Mombasa Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara kuwinda. Huko hakuwasamehe wanyama.

Lakini ndovu naye ana haki yake. Ujerumani, mjini Giengen, palikuwa na mshonaji aitwaye Margarete Steiff. Alipata polio utotoni na alitembelea kiti cha magurudumu. Mwaka 1880 alishona ndovu wadogo wa kitambaa kizito wawe mito midogo ya kuchomekea pini. Watoto wakawachukua kuchezea. Kampuni yake ikakua kutoka hapo, na dubu wao, aliyebuniwa na mpwa wake Richard, akaja mwaka 1902. Kwa hiyo ndovu alimtangulia dubu miaka zaidi ya ishirini.

BintiKisauni

Mwalimu, sikuyajua haya! Nimefurahi. Basi nitaanza na dubu, nimalize na ndovu.

MfumajiKibokoni

Vyema. Ukimjua dubu, ndovu ni masikio na mkonga tu.

KofiaZaVito

Asalaam aleikum. Mimi kazi yangu ni kofia za vito, kufuma sijui, lakini mke wangu afuma na macho huniachia mimi. Niseme langu kuhusu uso, maana hamjalifikia.

Macho yasishonwe kwanza. Kata viduara viwili vya kitambaa cheusi, vibane kwa pini, vihamishehamishe. Ukiyaweka juu na karibu karibu, dubu huonekana mzee na mwenye hasira. Ukiyashusha mpaka katikati ya kichwa au chini yake kidogo, na ukayaachanisha, huwa mtoto. Masikio vivyo hivyo: yakishuka pembeni hupata upole. Muweke kwenye kiti, usimame mlangoni umtazame. Kwa karibu jicho hudanganya.

Ukisharidhika, tarizi kwa uzi mweusi mishono mifupi ya kulala, iliyobanana, kisha jaza juu yake mara ya pili. Doa dogo jeupe upande mmoja wa kila jicho, pande zote mbili ziwe sawa, ndilo linalompa uhai.

MuuguziTudor

Hapo kwenye macho nashukuru umesema kutarizi, nilikuwa naja kusema hilo. Dubu wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu asitiwe kifungo, wala shanga, wala jicho la plastiki. Kitu kidogo kikitoka huingia kooni. Hata yale macho ya plastiki yenye kishikizo cha nyuma, kwenye kitu cha kufuma kitanzi hupanuka na jicho likapita na kishikizo chake. Utepe wa shingoni pia sipendi, na kama lazima, uwe mfupi na ushonwe usitoke.

Kabla hujamkabidhi mtoto, shika kila sikio, kila mkono, pua, uvute kwa nguvu kweli. Kikilegea, rudi kwenye sindano.

Zuhura_Likoni

Na masikio yenyewe yashonwaje bi? Yangu yamesimama wima tu.

MfumajiKibokoni

Kwa sababu umeyashona kwa mstari mnyoofu. Sikio lipinde, lishonwe kwa mviringo, upande wa tundu ukiangalia mbele. Bana ncha mbili kwanza, kisha katikati isukume nyuma, pini ya tatu. Shona mbele, geuza, shona na nyuma ya sikio. Bila mshono wa nyuma litalala.

Mikono na miguu ni vilevile, mviringo mbele na nyuma, lakini kwanza amua: wataka dubu wa kukaa au wa kusimama? Wa kukaa, miguu ishonwe mbele, chini ya tumbo, na mwili ujazwe zaidi chini ili asianguke. Pembe ya mkono iwe mistari miwili au mitatu chini ya shingo, pande zote kwa kuhesabu mistari, usikisie.

Pua, yaani ule mdomo uliotokeza, bana kwa pini, shona robo tatu ya mzunguko, jaza kupitia uwazi uliobaki, ndipo ufunge. Ukiijaza kabla hujashona itakimbia kimbia.

Nyayo: pale unapounga kitanzi kwa kitanzi na siyo ubavu kwa ubavu, pitisha sindano chini ya ile herufi V ya kitanzi, miguu yake yote miwili, halafu V ya upande wa pili. Ukishika mguu mmoja wa V tu, mshono huacha vitundu.

FundiMajengo

Mliobanwa na bei ya uzi: Kongowea kuna sweta za mitumba za kufumua. Ila geuza sweta ndani nje kabla hujalipa. Ukiona ubavuni imepigwa ovaloki, iache, ilikatwa kwenye kitambaa, ukifumua wapata vipande vya uzi vifupi. Ukiona kingo nzima zilizoungwa kwa uzi tu, chukua, hiyo itafumuka uzi mmoja mrefu. Uzi wenyewe uzungusheni kwenye mgongo wa kiti, ufunge, uoshe, utundike na uzito chini unyooke. Vifaa vidogo kama sindano butu na pini, ulizieni maduka ya Biashara Street.

MamaPacha_Bamburi

La mwisho kwangu: miisho ya uzi. Nikifunga fundo nakata, baada ya wiki laonekana.

MfumajiKibokoni

Fundo kwenye kitu cha kufuma hutoka, ama huchomoza. Badala yake, mshono ukiisha rudisha sindano juu ya mishono yako mitatu au minne, kisha izamishe ndani ya mwili wa dubu itokee mbali, ubavu wa pili. Vuta uzi ukaze kidogo, kata sambamba na mwili, halafu bonyeza mwili kwa viganja. Ncha itarudi ndani na kukaa kwenye pamba.

Na kufua, kwa kuwa wengi mmeuliza faraghani: maji baridi, sabuni ya maji kidogo, mbonyeze, usimsugue wala usimnyonge. Mfunge kwenye taulo umkande atoe maji. Mlaze kivulini penye upepo, umgeuze geuze. Usimtundike kwa masikio. Mpaka ukimbonyeza tumbo usikie ukavu wa ndani, ndipo umrudishe kitandani kwa mtoto.

Aliye na mfuko kabatini autoe, apige picha ya vipande vilivyonyooshwa, aiweke hapa. Nitapita kila jioni baada ya Isha kujibu.

BintiKisauni

Vyangu hivi hapa, nimevibana kwa pini. Mwili wa mbele umepinda kushoto kidogo, niunyooshe tena au niuunge hivi?

MfumajiKibokoni

Unyooshe tena, binti. Hesabu mistari ya pande zote mbili kwanza, nadhani upande wa kulia umevutwa na pini ya pili kutoka juu. Itoe hiyo, nyunyizia maji, ubane upya.